Masomo ya uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Masomo ya uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutolewa na Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma (SJMC). Chimbuko lake ni Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuunganishwa na chuo kikuu hicho mwaka 2003.

Mafunzo kwa vitendo
Shule ina Mlimani TV, Redio Mlimani na gazeti la The Hill Observer, ambako wanafunzi hujifunza kazi kwa kuifanya.

Zama za kidijitali
Kwa simu janja, mwandishi mmoja hupiga picha, hurekodi sauti, huhariri na kurusha habari akiwa palepale kwenye tukio. Kasi hiyo imefanya uhakiki kuwa stadi ya lazima. Picha inayosambaa WhatsApp ikidaiwa kuonyesha mafuriko ya eneo la Jangwani, Dar es Salaam, hutafutwa kwanza kwenye Google, ijulikane kama iliwahi kutumika. Kisha hukaguliwa vibao vya maduka, namba za magari na majengo ya nyuma, na mtu aliyeko eneo hilo hupigiwa simu.

Sheria na maadili
Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliweka utaratibu wa ithibati kwa waandishi, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020, zinagusa wachapishaji wa mtandaoni. Mwanafunzi anapaswa kuzifahamu sawasawa na misingi ya taaluma: kusikiliza pande zote, kulinda chanzo cha habari na kusahihisha kosa hadharani.