Kulabu za nyuma

Wadau, leo programu tuziweke kando. Nimeshinda Galbet kwa fundi, akifunga kulabu mbili nyuma ya Land Cruiser ya baba, ya mwaka 1986.

Mbona nyuma? Ukizama kwenye tope, ardhi ngumu unayoijua ni ile uliyotoka. Mvua za El Niño za 1997 zilipofurisha mto Tana nilikuwa mtoto, na nakumbuka magari yakivutwa hivyo, kinyumenyume, kwa lori na mnyororo. Mnyororo haunyumbuki, kwa hiyo dereva alivuta taratibu, na hata chuma dhaifu kilinusurika.

Kilichobadilisha mambo ni nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935. Kamba yake hutanuka, basi gari linalovuta hukimbia kwanza, halafu kamba ikijirudi hulinyakua lililokwama. Mwendo ukiwa mara mbili, nishati ni mara nne! Baba alikuwa akiifunga kwenye ule mpira wa chuma wa kukokotea trela (hata mimi, nakiri). Huko Australia mipira kama hiyo imewahi kukatika, ikaruka na kuua watu. Vile vijitundu vya chini navyo ni vya kufungia gari melini. Ni kama programu ya zamani kupewa kazi ambayo haikuandikiwa.

Fundi alikataa kuchomelea kwenye bampa. Alifunga mabamba manene kwenye chasisi yenyewe, kwa bolti zilizoandikwa 10.9 kichwani, mawili, ili mzigo ugawanyike na chasisi isipinde. Baba aliuliza bei, akanyamaza, kisha akachukua spana akaung'oa ule mpira mwenyewe.