Albamu ya Siku Moja? Hizo Ni Stori za Jaba

Mwaka jana mimi na maboyz wangu wawili tulichanga doo tukaenda studio. Tulilipia masaa sita. Mmoja wetu aliuza spika zake ndio tufikishe hiyo pesa. Produsa akaweka kila kitu tayari, akatuangalia, akangoja. Sisi tukaanza kubishana kuhusu beti ya pili. Saa ya nne bado tulikuwa hapo kwa beti ya pili. Tulitoka na wimbo mmoja na nusu, na ile nusu hakuna mtu ameiskia mpaka leo.

Nikiwa kwa matatu usiku nikirudi home, nikakumbuka ile stori kila mpenzi wa rock hukuambia hata kama hujamuuliza: Black Sabbath walirekodi albamu yao yote ya kwanza kwa siku moja. Siku moja, buda! Nikaona basi hao walizaliwa na kitu sisi hatukupewa. Nikaweka earphone, nikanyamaza.

Baadaye nikaanza kuisoma hiyo stori vizuri. Siku moja ni ukweli. Lakini vile inavyosimuliwa mtandaoni, kama muujiza, hapana. Kaa chini nikupe historia yenyewe.

Tuanze na mtaa. Aston ni sehemu ya mji wa Birmingham, Uingereza. Miaka ya 60 hapo ni viwanda tu: chuma, mabati, vipuri vya magari. Nyumba zimebanana, na vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeacha mashimo ya mabomu katikati ya mtaa. Kama umewahi kupita Kamukunji pale jua kali wanagonga mabati mpaka huskii simu yako ikilia, umeshapata picha. Vijana wanne wa bendi hii wote wametoka huko.

Ozzy Osbourne aliacha shule akiwa na miaka 15. Akafanya vibarua vya kila aina, hata kwa kichinjio. Akajaribu wizi wa kuvunja, akashikwa, akapigwa faini. Babake akakataa kumlipia ili ajifunze, kwa hivyo kijana akaenda jela wiki kadhaa. Lakini huyo huyo mzee ndiye baadaye alichukua mkopo wa pauni 250 akamnunulia mitambo ya sauti ya kuimbia. Ozzy akaweka tangazo kwa duka la vyombo vya muziki: mwimbaji natafuta bendi, nina mitambo yangu mwenyewe. Tony Iommi na mpiga ngoma Bill Ward wakaliona. Tony akasema anamjua Ozzy mmoja kutoka shule, na huyo hawezi kuimba. Walienda hata hivyo. Ilikuwa ni yule yule. Geezer Butler, ambaye alikuwa kwa bendi moja na Ozzy na alikuwa amesomea mambo ya uhasibu, akashika besi.

Sasa Tony. Hii ndio sehemu watu hupenda kuharibu.

Akiwa na miaka 17 alikuwa anafanya kazi kwa kiwanda cha mabati. Alikuwa ameamua kuacha aende tua ya Ulaya na bendi aliyokuwa nayo wakati huo. Siku ya mwisho kazini alirudi nyumbani lunch, akamwambia mamake haoni haja ya kurudi. Mathee akamwambia rudi umalize siku yako vizuri. Akarudi. Mfanyakazi wa mashine ya kukandamiza mabati hakuwa amekuja, Tony akawekwa hapo, mashine ambayo hakuwa ameizoea. Ikashuka kwa mkono wake wa kulia. Alipouvuta, ncha za vidole viwili vya katikati zikabaki.

Tony hupiga gita kwa shoto. Kwa hivyo mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi. Daktari akamwambia asahau gita.

Aliyemwinua ni msimamizi wake wa kiwanda, aliyemletea rekodi ya Django Reinhardt, mpiga gita wa jazz aliyeungua mkono kwa moto na bado akapiga akitegemea vidole viwili. Tony akaiskiza, kisha akafanya kitu ambacho fundi yeyote wa Gikomba angeelewa. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaiyeyusha, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavichonga kwa chuma cha kulehemu mpaka vikamtosha. Juu yake akabandika ngozi kutoka kwa jaketi kuukuu ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu kwake, akaanza kutumia za banjo ambazo ni nyembamba zaidi. Na kwa sababu vidole hivyo havikuskia uzi vizuri, akajifunza kupiga upya. Noti chache, nzito, zilizopewa nafasi ya kulia.

Mtandaoni utaskia ati hapo ndio metal ilizaliwa, kwamba ajali ilikuwa baraka. Hapana. Kukatwa vidole si baraka. Wafanyakazi wengi walikatwa vidole kwa viwanda vile na hakuna aliyewaandikia makala. Kilichofanya tofauti ni miaka ya kukaa na maumivu akijaribu tena na tena. Na wale wanaosema ati kwa albamu hii alilegeza nyuzi ili zishuke sauti wamechanganya: hilo lilikuja zaidi kwa albamu yao ya tatu, mwaka wa 1971. Hapa nyuzi ziko kawaida. Uzito unatoka kwa mkono.

Bendi ikaanza 1968, ikaitwa Earth baada ya jina lingine kufeli. Wakapiga blues kama wengine wote. Kisha Desemba ya mwaka huo Tony akaitwa na bendi kubwa zaidi, Jethro Tull. Akaenda. Hakukaa hata mwezi mzima vizuri kabla ya kurudi Birmingham, lakini alirudi na kitu kimoja: aliona vile wale jamaa wanafanya kazi. Mazoezi asubuhi, kwa saa, kama ofisi. Akaamua na sisi tutakuwa hivyo. Ni yeye tu alijua kuendesha gari, kwa hivyo kila asubuhi alizunguka akiwatoa wenzake kitandani mmoja mmoja.

Hebu fikiria hiyo. Saa tatu asubuhi, baridi ya Birmingham, mwimbaji wako ni Ozzy Osbourne, na kazi yako ni kumwamsha.

Wakaanza kusafiri. Wakapiga Hamburg, wakapiga Uswisi, kwa kilabu ambapo unapanda jukwaani mara kadhaa kwa siku moja, dakika 45 kila mara, mbele ya watu wachache ambao hata hawakuangalii. Nyimbo zikiisha na muda bado uko, unafanya nini? Unazivuta. Gita inaongea peke yake, ngoma inajibu, besi inazunguka. Ndio maana kwa albamu kuna wimbo kama "Warning" unaopita dakika kumi. Si mbwembwe za studio. Ni mazoea ya watu waliolazimika kujaza muda.

Mazoezi yao yalikuwa karibu na sinema. Siku moja ikaonyeshwa filamu ya kutisha ya 1963 iliyoitwa Black Sabbath, na watu wakapanga foleni. Mmoja wao akauliza: kama watu wanalipa ili watishwe, kwa nini sisi hatupigi muziki wa kutisha? Wakatengeneza wimbo wenye noti tatu tu polepole, ile ya tatu ikiwa kwa umbali ambao wanamuziki wa zamani waliuhusisha na shetani kwa vile unavyokwaruza skio. Maneno yalitokana na usiku mmoja Geezer alipoamka akaona kivuli cheusi kimesimama mwisho wa kitanda chake. Ukiskiza vizuri, anayeimba hapo hamsifu shetani. Amemwogopa, anatafuta pa kukimbilia. Na kwa kuwa kulikuwa na bendi nyingine iliyoitwa Earth, wakabadilisha jina. Mwaka wa 1969 wakawa Black Sabbath.

Sasa tufike studio.

Tarehe 16 Oktoba 1969, studio inaitwa Regent Sound, London. Produsa ni Rodger Bain, fundi wa sauti ni Tom Allom. Mashine ya kanda ina njia nne tu za kurekodi sauti. Nne! Programu ya bure kwa simu yako leo inaweza kukupa zaidi ya hizo. Hakuna kati ya hao vijana aliyekuwa amefika miaka 22. Wana siku moja, na kesho yake wana safari ya kwenda kupiga Uswisi kwa pauni 20.

Wakapanga vyombo kama wako kilabu. Ozzy akawekwa kwa chumba kidogo pembeni, akaimba wakati huo huo wenzake wanapiga. Wakapitia nyimbo zao za jukwaani, moja baada ya nyingine. Kazi iliyoongezwa juu ni kidogo sana: gita ya pili hapa na pale, pamoja na mvua, radi na kengele mwanzoni mwa wimbo wa kwanza. Hata shida ilipotokea hawakusimama. Gita ya Tony, Stratocaster aliyoizoea, ilikufa kinasa sauti mapema siku hiyo. Akachukua ya akiba, Gibson SG, akaendelea. Ile gita ya akiba ndiyo unaiskia karibu albamu nzima, na SG ikawa gita yake kwa maisha yote ya bendi.

Kama masaa kumi na mawili hivi, wakamaliza. Tony mwenyewe amewahi kusema waliona siku nzima ni muda mrefu.

Nilipofika hapo ndio nikaelewa kilichotupata sisi. Hao jamaa hawakuenda studio kutengeneza albamu. Albamu ilikuwa imeshatengenezwa, kwa gari la Tony asubuhi, kwa kilabu za Uswisi bila watu, kwa kiwanda cha mabati. Studio waliipeleka tu ikapigwe picha. Sisi tulienda studio kutafuta wimbo, na studio haikuwa imeuficha.

Albamu ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Kava ina mwanamke amevaa nguo nyeusi mbele ya kinu cha zamani cha maji, na ndani lebo ikaweka msalaba uliogeuzwa chini juu. Bendi haikuulizwa, lakini ndio walioitwa waabudu shetani. Wakosoaji wakaitupa. Jarida la Rolling Stone liliona ni kama nakala mbovu ya Cream. Watu wakainunua hivyo hivyo: namba 8 Uingereza, namba 23 Marekani, na huko Marekani ikakaa kwa chati zaidi ya mwaka. Kabla 1970 kuisha walikuwa wametoa ya pili, Paranoid, ikashika namba moja kwao Uingereza.

Najua mtu atasema: si unaona, pesa si kitu, wacheni kulia ati studio ni ghali. Sijasema hivyo. Pesa ni kitu. Yule mzee wa Aston alichukua deni la pauni 250 na bila hilo deni labda Ozzy hangekuwa na cha kuweka kwa tangazo. Wale waliopata nafasi ya siku moja, kuna mtu aliyelipia hata hiyo moja. Kuna bendi ngapi hapa Nairobi zinafanya mazoezi kwa sitting room, jirani anagonga ukuta, na hiyo siku moja hazijapewa? Usimwambie msanii ashukuru umaskini wake. Mpe mahali pa kufanyia mazoezi.

Ninachosema ni kwamba sehemu inayokula miaka hailipiwi kwa saa. Na hiyo sehemu hatuipendi kwa sababu haina cha kupost. Picha ukiwa na mic studio, likes zinakuja. Picha ukiwa umeamka saa kumi na mbili kurudia mpito mmoja mara arobaini, nani ataangalia?

Tarehe 5 Julai 2025 wale wanne walikutana jukwaani mara ya mwisho, kwa uwanja wa Villa Park. Uwanja huo uko Aston, karibu na nyumba aliyokulia Ozzy. Aliimba akiwa amekaa kwa kiti kwa sababu Parkinson ilikuwa imemchosha mwili. Tony alikuwa pembeni na vidole vyake vya kutengeneza. Tarehe 22 mwezi huo huo Ozzy akaaga.

Sisi tumeanza upya. Jumamosi asubuhi, kwa kina boy mmoja, mamake akiwa ameenda soko. Studio hatujalipia na hatutalipia mpaka tuweze kupiga nyimbo zote nane kutoka mwanzo hadi mwisho bila mtu kusema "ngoja". Wiki jana tulifika ya tatu. Yule aliyeuza spika bado hajatusamehe, lakini anakuja, na siku hizi ndiye anatupigia simu saa moja kuuliza kama tumeamka.