Muhuri wa Mwenge

Mwaka 1688 serikali ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa iliamuru sabuni itengenezwe kwa mafuta ya zeituni tu, bila shahamu. Sabuni ya Marseille hadi leo hugongwa mihuri inayozama ndani, mnunuzi aijue.

Wangu ulikuwa wa mpira. Mwaka 1983, sabuni ilipoadimika Tanzania, nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu. Nikapamba kila kipande cha wanachuo kwa picha ya mwenge. Kisicho na mwenge, nikatangaza, ni cha wizi. (Nilijiona mwerevu kweli.) Kijana mmoja alikutwa na kipande kitupu, nikamwaibisha kwenye paredi.

Jioni nikafua shati langu. Kola haijatakata, mwenge umekwisha yeyuka.

Nilimfuata bwenini usiku uleule. Aliniamkia, akanisikiliza, akasema hana kinyongo. Kipande kile alikiacha dirishani hadi muhula ukaisha.