Sauti ya Binti Mfalme: Nguva wa 1989 na Malkia wa Theluji wa 2013

Makala haya yanalinganisha filamu mbili za katuni ambazo wanafunzi wetu wengi wa shule za upili wamewahi kuziona, ama kwenye runinga ama kwenye simu ya kaka mtu: "The Little Mermaid" ya mwaka wa 1989 na "Frozen" ya mwaka wa 2013. Zote mbili zilitengenezwa na studio ya Walt Disney ya Marekani, na chimbuko la zote mbili ni hadithi za mwandishi mmoja, Hans Christian Andersen wa Denmark. Huenda mwalimu mwenzangu akajiuliza katuni zina uhusiano gani na karatasi ya Fasihi. Jibu ni kwamba mtahiniwa anapotakiwa kujadili usawiri wa mwanamke katika matini, aghalabu huorodhesha sifa: ni jasiri, ana bidii, ana mapenzi ya dhati. Husahau kuuliza nani anayeamua mambo yanapofika kilele. Filamu hizi, zikiwekwa kando ya hadithi zilikotoka, hulifunza swali hilo vizuri kuliko mifano mingi niliyowahi kuandika ubaoni.

Tuanze na Andersen mwenyewe. Alizaliwa mjini Odense mwaka wa 1805, babake fundi wa viatu na mamake dobi. Hadithi yake ya nguva mdogo ilichapishwa mwaka wa 1837, na ile ya Malkia wa Theluji mwaka wa 1844. (Neno nguva kwa watu wa pwani yetu hutaja pia mnyama halisi wa baharini anyonyeshaye watoto. Nimesahihisha insha moja iliyochanganya wawili hawa na sikuwa na moyo wa kuondoa alama.)

Nguva wa Andersen anaruhusiwa kuibuka juu ya maji anapotimiza miaka 15. Anamwokoa mwana wa mfalme kutokana na ajali ya merikebu, anampenda, kisha anamwendea mchawi wa bahari. Bei ya miguu ni ulimi wake: mchawi anaukata. Isitoshe, kila hatua atakayokanyaga itakuwa kama kukanyaga visu. Lakini mapenzi siyo shabaha yake pekee. Nguva huishi miaka 300 kisha hugeuka povu la bahari, na binti huyu anatamani roho isiyokufa kama ya wanadamu. Mwana wa mfalme anaoa mwingine. Dada zake nguva wanauza nywele zao kwa mchawi ili wapate kisu, wanamletea na kumwambia: mchome kabla ya jua kuchomoza, urudi kwetu. Anasimama kando ya kitanda cha maharusi, anawatazama, kisha anakitupa kisu baharini. Hapo ndipo kilele cha hadithi kilipo. Binti asiye na ulimi, aliyepoteza kila kitu, ndiye mwenye uamuzi wa mwisho mkononi, na anauamua peke yake.

Katika hadithi ya Malkia wa Theluji, kipande cha kioo cha shetani kinamwingia mvulana Kay jichoni na kingine moyoni, naye anachukuliwa na malkia hadi kwenye kasri lake la barafu. Anayefunga safari ya kumtafuta ni rafiki yake Gerda, msichana. Wanaomsaidia njiani ni wa kike kwa wingi wao: bikizee, binti mfalme, msichana wa majambazi. Machozi yake ndiyo yanayoyeyusha moyo wa Kay. Mtahiniwa aliyezoea ngano zetu atatambua mara moja motifu ya safari. Atambue pia kuwa msafiri hapa ni msichana na anayeokolewa ni mvulana, tena mnamo 1844.

Sasa tuje kwa filamu ya 1989. Studio ya Disney ilikuwa na hali ngumu katika miaka ya themanini. Filamu yake ya 1985, "The Black Cauldron", ilikuwa imewatia hasara, na tangu "Sleeping Beauty" ya 1959 hawakuwa wametoa filamu ya katuni ya ngano ya binti mfalme. Ron Clements na John Musker ndio walioongoza na kuandika "The Little Mermaid", naye Alan Menken akatunga muziki huku Howard Ashman akitunga maneno ya nyimbo. Filamu ilipata tuzo mbili za Oscar, zote za muziki.

Ariel, binti wa Mfalme Triton, ana miaka 16. Wahakiki wengi humlaumu kuwa anaacha kila kitu kwa ajili ya mwanamume. Lawama hii haina haki kamili. Kabla hajamwona Eric, Ariel tayari amejaza pango zima vitu vya wanadamu, na katika wimbo wake mkuu anatamani nchi kavu bila kumtaja mwanamume yeyote. Inasemekana Jeffrey Katzenberg, aliyekuwa kiongozi katika studio, alitaka wimbo huo ukatwe baada ya onyesho la majaribio ambapo watoto walionekana kuchoka, nao watunzi wakaupigania ukabaki. Laiti ungekatwa, Ariel angebaki msichana aliyependa sura ya mvulana aliyemwona jioni moja.

Tatizo langu na filamu hii liko penginepo. Mchawi Ursula, nusu mwanamke na nusu pweza, hamkati Ariel ulimi. Anaichukua sauti yake na kuifungia ndani ya kombe, na anampa siku tatu apate busu la mapenzi ya kweli. Humo mna kinaya kikubwa. Eric alipookolewa hakumwona vizuri aliyemwokoa. Aliisikia sauti tu, na ni sauti anayoitafuta. Kwa hiyo Ariel ameuza kitu kile kile ambacho angependewa. Niliwahi kuionyesha filamu hii kwa darasa la kidato cha tatu alasiri moja ya Ijumaa, na msichana aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, kama hawezi kusema, Eric anampenda kwa lipi?" Darasa lilicheka. Sikuwa na jibu la haraka, na swali lake ndilo lililoyazaa makala haya.

Tazama kilele chake. Kombe linavunjika, sauti inarudi, lakini jua limekwisha kutua na mkataba umepita. Triton anatia sahihi kujitoa badala ya binti yake. Ursula anatwaa taji na mkuki wa mfalme, anakuwa mkubwa kama mlima. Ariel wakati huo yuko chini kabisa ya kizingia cha maji, anakwepa radi. Anayemuua Ursula ni Eric, kwa kumchoma na ncha ya merikebu. Anayempa Ariel miguu ya kudumu ni babake. Msichana aliyeianzisha hadithi kwa hamu yake mwenyewe anaimaliza akiwa amekabidhiwa kutoka mkono wa mwanamume mmoja hadi wa mwingine. Kisu cha Andersen, yaani ule uamuzi kando ya kitanda, hakipo tena. Filamu imempa binti arusi na kumnyang'anya kilele.

Naelewa kwa nini. Mtoto wa miaka sita hapelekwi sinema kutazama povu. Hata hivyo, mhakiki hana budi kusema kilichopotea katika uhawilishaji huo.

Hadithi ya Malkia wa Theluji iliwasumbua Disney muda mrefu zaidi. Walt Disney na mtayarishaji Samuel Goldwyn walizungumzia ushirikiano kuhusu Andersen mapema katika miaka ya arobaini. Ushirikiano ulivunjika, na Goldwyn akatoa peke yake filamu ya waigizaji kuhusu mwandishi huyo mwaka wa 1952. Majaribio mengine yakafuata na kuachwa, mpaka Chris Buck na Jennifer Lee walipotoa "Frozen" mnamo Novemba 2013. Lee alikuwa mwanamke wa kwanza kushiriki kuongoza filamu ndefu ya studio hiyo ya katuni. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2 ulimwenguni.

Katika rasimu za awali Elsa alikuwa mhusika mpinzani, malkia mwovu wa barafu. Kisha watunzi wa nyimbo, Kristen Anderson-Lopez na mumewe Robert Lopez, wakaleta wimbo ambao Elsa anauimba akiwa mlimani baada ya kukimbia. Waandaaji walipousikia waliona kuwa huyu si mwovu bali ni mtu aliyeogopa, na hadithi ikaandikwa upya. Kwa Ariel, sauti iliuzwa. Kwa Elsa, sauti ndiyo iliyombadilisha kutoka mpinzani hadi mhusika duara.

Elsa naye ana unyamavu wake. Baada ya kumjeruhi mdogo wake Anna kwa uwezo wake wa barafu, wazazi wanamfungia chumbani, wanamvisha glavu, wanamfunza kuficha. Walimu waliofundisha "Utengano" ya Said Ahmed Mohamed watamkumbuka Maimuna, aliyetawishwa na Bwana Maksuudi hadi mlango ulipofunguka akatoka bila kujua dunia ilivyo. Tofauti ni kwamba Maksuudi anafunga kwa ukali, ilhali wazazi wa Elsa wanafunga kwa upendo. Madhara yanafanana sana.

Anna anaposwa na Hans siku ile ile wanayokutana. Elsa anakataa ndoa hiyo, na hapo filamu ya 2013 inaicheka waziwazi ile ya 1989 na siku zake tatu. Baadaye Hans, mwana wa 13 asiye na matumaini ya kurithi kiti, anadhihirika kuwa mnafiki. Anna akiwa karibu kugeuka barafu anaweza kumkimbilia Kristoff apate busu. Anamwona Hans amemwinulia Elsa upanga. Anageuka, anasimama katikati, na tendo hilo ndilo linaloyeyusha moyo wake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. (Ukiyatamka haraka majina Hans, Kristoff, Anna na Sven utasikia jina la nani.)

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "Frozen" ilileta jambo jipya. Iliturudishia jambo la zamani: Gerda anayemwokoa Kay, na nguva anayekitupa kisu. Jipya ni kwamba anayeokolewa sasa ni mwanamke pia, na ni dada.

Tusifurahi mapema, lakini. Mwaka wa 2016 wanaisimu Carmen Fought na Karen Eisenhauer walihesabu maneno ya wahusika katika filamu za Disney za mabinti wafalme. Katika "The Little Mermaid" wanaume walisema asilimia 68 ya maneno yote. Hilo halishangazi, maana mhusika mkuu ni bubu sehemu kubwa ya hadithi, na wanaomzunguka, tangu kaa Sebastian hadi Triton, ni wa kiume. La kushangaza ni "Frozen", yenye mabinti wafalme wawili wenye ndimi zao kamili: wanawake walisema asilimia 41 tu. Olaf, Kristoff, Hans na yule mtawala mgeni wanajaza nafasi iliyobaki. Kwa upande mwingine, "Sleeping Beauty" ya 1959, ambamo binti analala, iliwapa wanawake asilimia 71, kwa sababu ya wale wanawake watatu wenye miujiza na mchawi anayewapinga.

Kwa hiyo anayesema sana siye lazima anayeamua, wala anayenyamaza siye lazima asiye na uamuzi. Nguva wa 1837 hana hata ulimi.

Nilipoyasema haya darasani, yule msichana wa nyuma aliinua mkono tena. Alitaka kujua kwa nini basi Elsa, malkia aliyetawazwa, analia mgongoni pa mdogo wake wakati uamuzi mkubwa unafanywa na Anna. Nimeligeuza kuwa swali la mazoezi:

"Elsa ana taji lakini Anna ana uamuzi." Thibitisha au ukanushe kauli hii ukirejelea kilele cha filamu. (alama 20)