Mviringo na masafa: mbio za magari za Marekani na Ulaya, kutoka Daytona hadi njia za Nachingwea na Ruangwa

Mbio za magari zilianza Ufaransa, na zilianza barabarani. Mwaka 1894 magari yalishindanishwa kutoka Paris hadi Rouen. Mwaka uliofuata yalikwenda Bordeaux na kurudi Paris, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,100, katika barabara zile zile za mikokoteni na mifugo. Mtazamaji alisimama kando ya njia, gari likampita na vumbi lake, akasubiri jingine. Mwaka 1903 mbio za Paris hadi Madrid ziliua washindani na watazamaji, na serikali ya Ufaransa ikazikatiza Bordeaux. Tangu hapo Ulaya ilizoea kufunga barabara za vijijini na kuzigeuza mzunguko mrefu, kama ilivyofanyika Le Mans mwaka 1906 kwenye Grand Prix ya kwanza ya Ufaransa. Hata hivyo mzunguko huo ulibaki na sura ya barabara, wenye kona za kulia na kushoto. Kiu ya masafa iliendelea kwenye rali. Ile ya Monte Carlo ilianza mwaka 1911.

Marekani nayo ilianzia barabarani, Chicago, mwaka 1895, lakini mbio zake zikahamia kwenye viwanja vya farasi vya maonyesho ya kilimo. Viwanja hivyo vilikuwa tayari na njia ya mviringo, uzio, jukwaa na mlango wa kulipia. Indianapolis ilijengwa mwaka 1909 kwa mfano huo, mzunguko wa kilomita nne, na mbio zake za maili 500 zilianza mwaka 1911. Mwaka 1948 chama cha mbio za magari cha NASCAR kiliundwa kule Daytona chini ya Bill France, na mwaka 1959 ulifunguliwa uwanja mkubwa wa Daytona, wenye kona zilizoinuliwa ili gari lizunguke bila kupunguza mwendo sana.

Tofauti nyingi za baadaye zinatokana na chanzo hicho. Mtazamaji wa Marekani analipa, anakaa, anaona mbio zote kwa jicho moja, na anataka ushindani uwe mkali hadi mwisho. Kwa hiyo kanuni zinasukuma magari yalingane, na bendera ya njano ya tahadhari ikipepea, wote hukusanyika tena nyuma ya gari la usalama. Ulaya, ambako klabu za wenye magari ndizo zilizotunga sheria, ilizoea kumheshimu mtengenezaji sawa na dereva. Formula One imekuwa na ubingwa wa watengenezaji tangu mwaka 1958, na kwa muda mrefu timu iliyobuni gari bora iliachwa ikimbie mbele peke yake. Kuanzia 1950 hadi 1960 Indianapolis ilihesabiwa katika ubingwa wa dunia wa madereva, lakini madereva wa Ulaya karibu wote hawakwenda huko.

Kusini mwa Tanganyika, mashine za mabara hayo mawili zilifika kwa kazi, wala si kwa mchezo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa moja ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Ruangwa ilikuwa bado sehemu ya Nachingwea. Ilipata wilaya yake mwaka 1995. Msitu ulipaswa kung'olewa haraka ili mashamba yapatikane. Matrekta na makatapila mengi yalinunuliwa kutoka kwenye masalia ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa. Kiwanda cha Vickers cha Uingereza kiligeuza vifaru vya Sherman, vilivyoundwa Marekani, kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Reli ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ya kina kirefu Mtwara. Mwaka 1951 serikali ilikubali kwamba mradi umeshindwa, baada ya hasara ya pauni milioni 36. Reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nguvu ya injini haikukosekana. Kilichokosekana ni kujua udongo, mvua na mizizi kabla ya kuagiza mashine.

Ujuzi huo wa udongo na mvua ndio mizani ambayo mbio za magari za Afrika Mashariki ziliichagua kwa hiari. Mapema miaka ya 1950, Kenya ilikuwa na mbio za mzunguko pale Langa Langa, karibu na Gilgil. Eric Cecil, mmoja wa viongozi wa mchezo huo, alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashiriki. Vincent alikataa, akisema hakuna kinachochosha kama kuzunguka kipande kile kile cha njia. Yangekuwepo mashindano ya kukata nusu ya Afrika na kurudi, angekuja. Maneno hayo ya jamaa wawili yalizaa Coronation Safari, iliyokimbiwa kuanzia tarehe 27 Mei 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hakika ilifufua mbio za mji hadi mji ambazo Ulaya ilizizika miaka 50 kabla. Magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, kwa sababu mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam alitaka kujua gari lipi la fedha yake litafika. Volkswagen ndogo iling'ara tangu mwanzo. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda nayo Safari nzima.

Jaribio lililoonyesha tofauti ya Marekani na Ulaya waziwazi kuliko yote lilikuja mwaka 1964. Msimu wa vuli wa 1963 kampuni ya Ford ilipeleka magari ya Mercury Comet kwenye uwanja wa Daytona, yakazunguka usiku na mchana hadi kila moja likatimiza maili 100,000, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Kwa kipimo cha Marekani huo ulikuwa ushahidi kamili wa uimara. Miezi michache baadaye Comet sita zenye injini za V8, zilizoandaliwa na Bill Stroppe wa California, zililetwa Safari. Mbili tu zilimaliza, tena nyuma kabisa. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya, akiwa na Bill Young katika Ford Cortina GT, gari la Uingereza lenye injini ya lita moja na nusu. Kampuni mama ilikuwa moja, ila Cortina ilikuwa imekulia kwenye rali. Daytona inapima joto la injini na kudumu kwa mwendo usiobadilika. Safari ilipima springi, shokapu, chujio la hewa, na dereva anayejua dimbwi lipi lina sakafu ngumu.

Stroppe alijifunza. Baadaye aliandaa gari la Bronco ambalo Parnelli Jones, bingwa wa Indianapolis wa 1963, alishindia mbio za jangwa la Baja, Meksiko, mwaka 1971 na 1972. Kumbe Marekani haikukosa watu wa masafa, ila ilikuwa imewaweka pembeni ya uwanja wake mkuu.

Safari ilifanyika Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Mara zote mbili walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imetumika na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na Safari ilimlipa kwa ufundi huo. Madereva waliotoka Ulaya walisubiri ushindi hadi 1972, aliposhinda Hannu Mikkola wa Ufini.

Nachingwea na Ruangwa hazikujengewa uwanja wa mbio, lakini ujuzi uliopimwa na Safari ulikuwa kazi ya kila msimu huko. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, masika yaliweza kuitenga kusini na Dar es Salaam kwa wiki kadhaa. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba, na mvua huwakuta wasafirishaji njiani. Lori likizama hadi ekseli, kwanza hushushwa magunia. Utingo huchimba mbele ya matairi kwa jembe, hutandika matawi na mawe, kisha dereva hutia gia ya kwanza na kuachia klachi polepole, kwani tairi likizunguka bila kushika, shimo huongezeka. Madereva wa Safari walifanya hivyo hivyo, saa ikiwahesabia dakika. Umati wa vijijini uliosimama njiani, bila tiketi wala jukwaa, ulikuwa na macho ya kitaalamu: ulijua ugumu wa kile unachokiona, na mara nyingi ndio uliosukuma gari likatoka.

Baadaye Safari ilibaki ndani ya mipaka ya Kenya. Iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia mwisho wa 2002, na iliporudi Naivasha mwaka 2021 ilikuwa rali ya vipande vifupi vilivyofungwa, baadhi vikikimbiwa mara mbili, sawa na rali za Ulaya ya leo. Kwa upande wa Tanzania, mchezo huu unaendelea kwa njia za vumbi za mashambani, kama za Mkwawa Rally ya Iringa.