Wakunga wa Mbuzi wa Ugogo

Historia ya mifugo ya Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, imeandikwa kwa majina ya ng'ombe na ya wanaume. Mpwapwa, ambako Wajerumani waliweka kituo cha mifugo mwaka 1905, ndiko alikozalishwa ng'ombe mwenye jina la mji huo. Mwanaanthropolojia Peter Rigby aliishi na Wagogo, na kitabu chake cha mwaka 1969 kinatangaza ng'ombe tangu kwenye jalada: Cattle and Kinship among the Gogo. Mimi nimefanya kazi ya uafisa mifugo katika vijiji vya Dodoma hadi kustaafu, na naona mbuzi wamedhulumiwa katika simulizi hiyo. Waliodhulumiwa zaidi ni wanawake waliokuwa wakiwazalisha.

Uzito wa kazi yao unaonekana ukikumbuka njaa. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliwafagia ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Wagogo hawajapumua vizuri, ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yakachukua ng'ombe na nafaka, mvua nazo zikakataa, na kati ya mwaka 1917 na 1920 nchi ikaingia katika njaa ambayo wazee waliipa jina la Mtunya. Mfugaji aliyebaki mikono mitupu hakuanza upya na ng'ombe. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9 akazaa ndama mmoja. Mbuzi hubeba miezi 5, na mara nyingi huzaa mapacha. Mbuzi wakiongezeka hubadilishwa kwa mtamba wa ng'ombe, na zizi likarudi. Hesabu hiyo yote ilitegemea jambo moja, kwamba kitoto cha mbuzi kipone siku zake za kwanza.

Hapo ndipo tembe ilipofanya kazi yake. Tembe ni nyumba ya chini, paa lake bapa la miti, nyasi na udongo, iliyojengwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Kila mke alikuwa na vyumba vyake, na cha ndani chenye moto ndicho kilikuwa wodi ya wazazi. Mbuzi aliyekaribia kuzaa aliingizwa humo, na vitoto vililala humo mpaka viwe na nguvu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa fundi wa kazi hii, na mengi niliyokuja kufundishwa chuoni nilikuwa nimeyaona kwake. Alipapasa shina la mkia: nyama za pande mbili zikilegea na kiwele kikijaa, mbuzi huyo hakwenda tena machungani. Chupa ikipasuka alikaa kimya akisubiri kwato mbili za mbele na pua juu yake. Zikija hivyo, hakugusa kitu. Ikija kwato moja, alinawa, akapaka mkono samli, akangoja uchungu utulie, akakirudisha kitoto ndani polepole. Kisha aliufuata mguu uliokunjika nyuma, akaifunika kwato kwa kiganja isije ikamchana mama, na kuunyoosha. Mtoto akitoka alimfuta ute puani na kumlaza mbele ya mdomo wa mama alambwe. Mama akimkataa, alimpaka mtoto chumvi mgongoni, na ulimi ukafanya kazi iliyobaki. Kitovu alikitia majivu ya jikoni. Sisi tuliosomea tunatumia dawa ya iodini, na iodini ni bora zaidi. Lakini sheria yake kuu hakuna kitabu kilichoipita: kitoto kinywe dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, kabla hakijalala.

Asubuhi mama walikwenda machungani na vitoto vikabaki nyumbani, matawi ya miti yamening'inizwa usawa wa midomo yao ili vijifunze kula. Jioni ilikuwa zamu yetu watoto kumpa kila mama mtoto wake, na tulizijua sauti zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma. Kaya zilizotawanyika zikakusanywa katika vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa kwa mistari, na mazizi yakasogezwa mbali. Baada ya muda bati likachukua nafasi ya paa la udongo. Sitaki kuipamba tembe. Nyufa zake zilificha papasi waletao homa, moshi wake uliumiza macho na vifua, na nzi wanaofuata mifugo walisaidia kueneza vikope, maradhi yaliyowapofusha wengi Ugogo. Watu walistahili nyumba bora, na walizipata. Ila hakuna aliyeuliza vitoto vya mbuzi vitalala wapi.

Nimeitwa mara nyingi alfajiri kutazama vitoto vilivyokufa zizini, mwenye mali akihofia ugonjwa. Nilipovipasua, mara nyingi nilikuta kwato laini ambazo hazijakanyaga ardhi sawasawa, na tumbo lisilo na tone la dang'a. Baridi na njaa viliviua usiku wa kwanza, mama yao amesimama hatua chache tu, na hapakuwa na mtu wa kuvisogeza kwenye chuchu.

Kwa hiyo nimewahimiza wafugaji wajenge kibanda kidogo kinachoegemea ukuta wa nyumba, chenye paa na nyasi kavu chini, karibu kiasi kwamba mlio wa mbuzi mwenye uchungu unamfikia mama wa nyumba kitandani. Binadamu analala kwake, mbuzi kwake, na sikio linafika. Lakini kibanda hakizalishi mbuzi. Semina za mifugo bado huandikisha mume kwa sababu mbuzi wanahesabiwa kwa jina lake, huku anayeamka usiku ni mke. Orodha ya washiriki ianze na yeye, na bibi mwenye ujuzi akae mbele pamoja na mtaalamu, kama mwalimu mwenzake.