Maji, Mitungi na Homa ya Newala: Ushauri wa Daktari kwa Wazazi na kwa Serikali

Ndugu msomaji aweza kushangaa kukuta, katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika wa Kilutheri, sura inayohusu Masasi na Newala. Huko Injili haikupelekwa na wamisionari wetu. Kituo cha Masasi kilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere wa UMCA, aliyefika na watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Na mwaka 1906 Wabenediktini Wakatoliki wakaweka makao yao Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde. Walutheri walifika kusini baadaye sana. Hata hivyo, sura za kitabu hiki zinazohusu diakonia ya tiba zingepungukiwa kama zingeruka habari za Newala, kwa kuwa ni huko, mikononi mwa daktari wa misheni, dunia ilipoufahamu kwa mara ya kwanza ugonjwa ambao leo unajulikana toka India hadi Brazili.

Habari hiyo yafaa ianzie mbali kidogo. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika masimulizi ambayo Wamakonde wenyewe huyasimulia juu ya asili yao. Yasemekana mtu mmoja aliyekuwa peke yake porini alichonga sanamu ya mti, nayo ikageuka kuwa mwanamke hai. Wakaishi kama mume na mke. Mtoto wa kwanza akazaliwa karibu na mto, akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda tena hadi uwandani, sehemu za Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo kizazi chao kikaagizwa kisijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti.

Wasomi wa sanaa huyataja masimulizi hayo kwa ajili ya kinyago. Mimi nayataja kwa ajili ya watoto wale wawili waliokufa. Ni ushauri wa afya ya mtoto uliotolewa kabla ya daktari yeyote kufika, na mtu anayeijua malaria ya bonde la Ruvuma hawezi kuucheka. Waliohama mabondeni walikuwa na sababu.

Lakini usalama huo ulikuwa na gharama yake. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini na kutokea mbali, kwenye miguu ya miteremko. Juu hakuna mto wala chemchemi ya kutosha. Kwa vizazi vingi wanawake na wasichana wa Newala waliteremka gengeni kufuata maji, wakapanda nayo kichwani, safari iliyokula sehemu kubwa ya siku. Maji yaliyopatikana kwa jasho la namna hiyo hayamwagwi. Yalitunzwa ndani ya nyumba, katika mitungi na vyombo vingine, siku baada ya siku; na mtungi haukuwahi kukauka kabisa, kwani maji mapya yaliongezwa juu ya yale ya zamani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka 1952, mlipuko wa homa ulipoanza.

Dk. Marion Robinson alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya UMCA huko Lulindi, kati ya Masasi na Newala. Daktari wa misheni wa siku zile hakuwa na anasa ya kuchagua wagonjwa. Alikuwa daktari wa watoto, wa wajawazito na wa wazee kwa pamoja. Homa iliyoletwa mbele yake haikuwa mpya kwa sababu ya joto la mwili, maana homa kali ilikuwa mgeni wa kila nyumba. Upya wake ulikuwa katika viungo. Mtu mzima aliyekuwa shambani asubuhi alishikwa ghafla, magoti na vifundo vikajifunga, akashindwa kunyoosha mgongo. Wengine walishindwa hata kujigeuza kitandani. Baada ya siku chache ulitokea upele, homa ikashuka, lakini maumivu yaliweza kurudi kwa miezi. Watu wazima na watoto waliugua, na kijiji kilichopatwa kilipatwa karibu nyumba kwa nyumba.

Robinson hakuridhika kuandika «malaria» katika kitabu cha wagonjwa na kugawa kwinini. Aliwaangalia wagonjwa 115 mmoja mmoja, akaandika homa ilianzaje, upele ulitoka lini, kiungo kipi kilitangulia kuuma. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1955, yakifuatana na ya Dk. W.H.R. Lumsden, mtaalamu kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki iliyokuwa Entebbe, Uganda. Taasisi hiyo ndiyo iliyogundua virusi vya Zika mwaka 1947. Lumsden alizunguka vijijini akitafuta chanzo, na alichokikuta kilikuwa ndani ya nyumba: mbu aina ya Aedes aegypti, anayezaliana katika vyombo vya maji safi. Mtaalamu wa tatu, R.W. Ross, alifanya kazi ya maabara. Mwaka 1953 virusi vilipatikana katika damu ya wagonjwa wa Newala na katika mbu wa huko huko, na mwaka 1956 akachapisha uthibitisho kwamba hivi havikuwa virusi vya dengi kama ilivyodhaniwa hapo awali.

Wenyeji hawakusubiri Entebbe ili kuupa ugonjwa jina. Waliuita chikungunya. Vitabu vingi vya ng'ambo vimeendelea kusema kwamba neno hili ni la Kiswahili. Si la Kiswahili. Ni la Kimakonde, linalotokana na kitenzi kinachoeleza kitu kukauka na kujikunja, na kwa yeyote aliyemwona mgonjwa akitembea ameinama jina hilo halihitaji ufafanuzi. Ni haki Wamakonde wapewe neno lao.

Kiswahili kilikuwa na jina lake, kwa kuwa yaelekea ugonjwa huu ulifika pwani zamani. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja, aliandika juu ya mlipuko wa mwaka 1870 na kutaja mwingine uliokumbukwa na wazee, wa mwaka 1823. Watu waliuita kidinga pepo. Wataalamu kadhaa wanadhani jina la «dengi» lenyewe limetokana na neno hilo. Jambo la ajabu ni kwamba dalili zilizoelezwa na Christie, hasa maumivu ya viungo yanayorudi rudi, zinafanana zaidi na chikungunya kuliko na dengi, na mwaka 1971 mtafiti D.E. Carey alionyesha kwamba huenda magonjwa hayo mawili yalibadilishana majina njiani.

Tugeukie sasa ushauri, kwa sababu hospitali ndogo ya misheni haiwezi kulaza nchi nzima. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hauui. Hauna dawa ya kuuponya, jana wala leo. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na leseni yake ikasimamishwa huko huko Agosti 2025. Basi kazi kubwa ya daktari wakati wa mlipuko ni maneno, na maneno hayo yana pande mbili.

Kwa mzazi, daktari wa watoto husema hivi. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza, hata kama jirani wote wana chikungunya, kwa kuwa malaria inaua haraka na ina dawa. Apewe maji na uji kidogo kidogo, mara nyingi. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Homa ishushwe kwa parasetamoli. Aspirini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dawa ya kila homa katika nyumba zetu, mtoto asipewe, kwa sababu ina hatari yake kwa watoto wenye magonjwa ya virusi, na kwa sababu homa hiyo ikiwa ni dengi inaweza kuongeza kutokwa damu. Mtoto akipata degedege, akilegea, au akikataa kunyonya, asingojeshwe nyumbani. Na mjamzito aliyeshikwa na homa hii karibu na kujifungua ajifungulie hospitali, mtoto aangaliwe kwa siku kadhaa. Jambo hili halikujulikana wakati wa Robinson, lilifahamika vizuri katika kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, ilipoonekana kwamba mama aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, na kwamba baadhi ya watoto hao huugua vibaya.

Kisha mitungi. Hapa wazazi wengi hudhani chandarua kimemaliza kazi. Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, kwa hiyo chandarua humfaa mtoto mchanga anayelala mchana, lakini aliye uani hakimlindi. Mayai yake huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaangua maji yakipanda. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo kisuguliwe ndani kila wiki, kisha kifunikwe kwa kitambaa au mfuniko usio na mwanya. Katika joto la kusini, kiluwiluwi huwa mbu kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo.

Ushauri huo ni sahihi, na ni mwepisi kuutoa. Mwombe mama wa Newala wa mwaka 1952 amwage maji ya mtungi kila wiki! Angemwuliza daktari kama yeye ndiye atakayeteremka gengeni. Kwa maoni yangu ndiyo sababu upande wa pili wa ushauri, ule unaoelekezwa kwa wakuu wa wilaya, ni mzito kuliko wa kwanza. Maandishi ya Lumsden, ukiyasoma bila haraka, ni taarifa ya mbu kwa sura ya nje na taarifa ya maji kwa ndani. Mama aliyeweka maji siku nyingi hakuwa mchafu wala mzembe. Alifanya lililo la busara mahali pasipo na maji. Afisa anayekuja na faini kwa nyumba zenye viluwiluwi, kabla ya kuleta bomba, anamwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake.

Serikali ya kikoloni haikukaa bure kabisa. Katika miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde lilianza kusukuma maji kwa mitambo kutoka bondeni hadi uwandani, watu wakayalipia. Baada ya uhuru, tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wafini walisaidia miradi ya maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Kazi hizo zilipunguza safari za gengeni, lakini mashine inayopandisha maji mlima mrefu hudai mafuta au umeme, na vipuri. Ikisimama, watu hurudi kwenye ndoo na mapipa.

Kwamba Newala haikuwa jambo la mahali pamoja tu, Lamu ilithibitisha. Mwaka 2004 mvua zilichelewa pwani ya Kenya, visima vikapungua, wenyeji wakaweka maji majumbani na kuyabadilisha kwa nadra. Inakadiriwa kwamba watu 13,500 waliugua, robo tatu ya wakazi. Ukame ndio uliozaa mbu, jambo ambalo afisa aliyezoea kuhusisha mbu na masika atalikubali kwa shida. Kutoka pwani hiyo ugonjwa ulifika Komoro mwaka 2005, ambako zaidi ya nusu ya watu wa Ngazija waliambukizwa. Ukaenda Réunion, ukapata watu wapatao 266,000, zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Ukaingia India, na mwaka 2006 ukahesabiwa huko kwa zaidi ya milioni. Desemba 2013 ulikuwa umevuka hadi visiwa vya Karibi. Neno la Kimakonde likawa katika magazeti ya lugha zote.

Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, makanisa mengi nchini yaliweka ndoo za maji tiririka milangoni, na washarika wakaambiwa wanawe kabla ya kuingia. Ulikuwa ushauri mzuri. Lakini palipo na maji ya kununua kwa ndoo, kunawa mara nyingi ni hesabu ya fedha kabla ya kuwa suala la usafi, na ndoo iliyosahauliwa nyuma ya kanisa baada ya tangazo kupita hukaa na maji ya mvua kwa wiki kadhaa. Aliye na zamu ya usafi Jumamosi aipindue, aisugue ndani, aiweke chini ya paa.